QGIS, ArcGIS, SWMM au HEC-RAS: kipi kinafaa kwa maji ya Arusha?

Vijana wanaomaliza chuo, na hata mainjinia wa halmashauri, huniuliza sana kama kazi za maji zifanywe kwa QGIS au kwa ArcGIS, programu mbili za GIS, yaani za kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta. Swali lina jibu na nitalitoa, ila kwa mtu anayefanya kazi Arusha liko pembeni kidogo ya tatizo lenyewe. Hapa maji yanateremka kutoka Meru, yanakatiza jiji kwa Themi, Naura, Ngarenaro na Burka, halafu yanafika kata za chini kama Muriet ambako ardhi imelala na nyumba zinazidi kuongezeka. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji huko huko Muriet, watoto wakapoteza maisha. Anayetaka kujua maji ya mto Kikuletwa yanatoka wapi, na anayetaka kujua kalavati ya mtaani ibebe maji kiasi gani, wote wawili watakwambia wanafanya GIS ya maji. Vyombo vyao havifanani hata kidogo.

Niweke msimamo wangu mapema, ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nao. Kwa kazi za bonde na kidakio, yaani eneo lote linalomwaga maji yake kwenye nukta moja, QGIS pamoja na GRASS, programu ya bure inayofanya kazi ndani yake, inatosha. ArcGIS inafaa zaidi pale ofisi inapokuwa nayo tayari na data zake zote zimo humo. Kwa mitaro ya jiji, hata ukiwa nazo zote mbili bado hujafika. Unahitaji SWMM au HEC-RAS, programu za kuiga maji yanavyotembea kwenye mitaro na mito, na kabla ya hizo unahitaji mtu wa kupima mwinuko. Kama kuna fedha ya leseni imebaki, ipelekwe kwenye upimaji.

Kuchora kidakio

Hatua ya kwanza ni ileile kwa kila mtu. Unachukua DEM, yaani rasta (picha ya vipande vidogo, pikseli) ya mwinuko wa ardhi, programu inaangalia kila pikseli inamwaga maji kwa jirani yupi, kisha inahesabu pikseli ngapi zinaishia kwenye nukta unayoitaka. Kanuni ya D8, ile inayopeleka maji yote kwa jirani mmoja kati ya wanane, ilichapishwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984, na bado ndiyo chaguo la kawaida ndani ya ArcGIS. Arc Hydro, seti ya zana za maji iliyoanzia kwa David Maidment na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin wakishirikiana na Esri, kampuni yenye ArcGIS, imepanga hatua zote kwa mfuatano: jaza mashimo, tafuta mwelekeo, hesabu mkusanyiko, toa mito, toa vidakio. Kwa anayeanza, mpangilio huo ni msaada mkubwa, maana si rahisi kuruka hatua. Arc Hydro yenyewe haiuzwi, lakini haifanyi kazi bila ArcGIS Pro na kiendelezi cha Spatial Analyst, na hivyo vyote vina leseni.

Upande wa QGIS hakuna mlango mmoja. Kuna GRASS, kuna SAGA, kuna WhiteboxTools ya John Lindsay wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, kila moja na majina yake ya zana. Ukiuliza watu watatu utapewa njia tatu. Hali hiyo inawachosha wanafunzi, na siwalaumu. Lakini zana ya r.watershed ya GRASS ina sifa inayonifanya niichague kwa ardhi yetu ya volkano: haikulazimishi kujaza mashimo kwanza. Inatafuta njia nyepesi ya maji kutokea hata pale penye kizuizi, na DEM yako inabaki kama ilivyokuwa.

Kwa nini nalishikilia hilo? Chukua kreta ya Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ni bakuli: ukingo pande zote, kinamasi chini. Zana ya kujaza mashimo inaliona bakuli hilo kama kasoro ya data, inalijaza mpaka juu, kisha inatoa mto upande ambao ukingo ni mfupi kuliko kwingine. Ramani inatoka safi kabisa, na mto ambao haujawahi kuwepo. Ziwa Duluti pale Tengeru nalo ni la kreta na linapatwa na yaleyale. Si kwamba r.watershed ina akili ya kujua kreta ni nini; ina nafasi ya kuipa rasta ya mashimo ya kweli, nayo inayaheshimu. Zana ya kujaza ya ArcGIS ina kikomo cha kina, unaweza kuiambia isiguse shimo lenye kina kupita mita kadhaa. Kwa hiyo zote mbili zina njia ya kutokea, ila hakuna itakayokukumbusha kwamba shimo lipo. Hapo ndipo mwenyeji anampita mtaalamu aliyetumwa kutoka mbali na kompyuta nzuri.

Tuta la barabara linaleta shida iliyo kinyume. Ukiwa na DEM ya droni, barabara ya mchepuo au ile ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru inaonekana kama bwawa lililojengwa kukatiza mkondo. Programu haioni kalavati chini ya lami. Inapeleka maji pembeni mwa tuta mpaka ipate pa kuvukia, wakati mwingine mbali sana, na kidakio kizima kinahamia kwa jirani. Hapa WhiteboxTools inashinda kwa urahisi, kwa sababu badala ya kujaza nyuma ya tuta inaweza kulitoboa. Arc Hydro nayo ina zana ya kuzamisha mstari wa mto ndani ya DEM. Inafanya kazi vizuri kama una mstari wa mto wa kuaminika. Njia yangu ni ya kizamani kidogo: natembea na simu, napiga pointi pande zote mbili za kila kalavati, nachora mstari mfupi, nashusha pikseli za mstari huo, ndipo naendesha uchambuzi. Inachosha kwenye jua. Hakuna plagini ya kunifanyia.

Jambo jingine la kuangalia ni kizingiti cha kuanzia mto. Kwa DEM ya mita 30, kizingiti cha pikseli 1,000 maana yake ni eneo la kilomita za mraba 0.9 kabla mto haujaanza kuchorwa. Kwa bonde la Kikuletwa ni sawa kabisa. Kwa makorongo ya jijini ni kikubwa mno, korongo lote linaweza kukosekana. Ukishusha kizingiti sana, kwenye ardhi iliyolala zinajitokeza mistari mingi iliyonyooka, sambamba, kama matuta ya shamba la trekta. Ukiona mistari ya namna hiyo ujue D8 imekosa mteremko na inabuni. GRASS kwa kawaida hugawa maji kwa majirani zaidi ya mmoja, kwa hiyo tatizo linapungua; ArcGIS Pro nayo ina chaguo hilo, ila lazima ulichague mwenyewe.

Kwa wanaochambua bonde zima: DEM za bure hutolewa kwa vigae vya digrii moja kwa moja; Arusha iko kwenye kigae cha S04E036, Moshi na Bwawa la Nyumba ya Mungu viko S04E037, na Kikuletwa inakula vyote viwili. Viunganishe kabla ya kuanza. Kidakio kinachokatika wima kama kilichopigwa rula kinatoka hapo.

Leseni na ofisi

QGIS unaipakua bure, inaendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac, na unaweza kuiweka kwenye mashine kumi bila kumwandikia mtu barua. ArcGIS Pro ni ya Windows tu. Pale ambapo ofisi imejenga hifadhidata yake ya mabomba, mita na wateja ndani ya mfumo wa Esri, na watu kumi wanahariri kwa pamoja, sioni sababu ya kuhama kwa ajili ya kuchora vidakio; usimamizi wa watumiaji wengi na ramani za mtandaoni ndiko ArcGIS inakostahili bei yake. Mshauri binafsi wa Njiro mwenye kompyuta mpakato moja hana sababu ya kulipa. Onyo moja: maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yanaanza na ArcMap, programu ya Esri iliyotangulia ArcGIS Pro, na kiendelezi chake HEC-GeoHMS. Esri ilipanga msaada wa ArcMap uishe Machi 2026, na HEC-HMS, programu ya kukadiria maji yanayotokana na mvua, kuanzia toleo la 4.4 inachora vidakio yenyewe. Usianze safari na basi lililokwisha kufutwa kwenye ratiba.

DEM inaamua zaidi ya programu

Nimeona watu wakibishana programu ipi ni sahihi, huku wote wakitumia SRTM, DEM ya bure ya rada. Data za SRTM zilipigwa kutoka chombo cha angani Endeavour Februari 2000. Muriet ya mwaka 2000 siyo ya leo, na barabara ya mchepuo haikuwepo. Isitoshe rada ile haikufika chini palipo na miti: kwenye migomba na kahawa ya mteremko wa Meru inakupa mwinuko ulio mahali fulani kati ya majani na udongo. DEM ya Copernicus ya mita 30 imetokana na picha za rada za miaka ya 2011 hadi 2015, na kwa macho yangu inachora makorongo ya Arusha vizuri zaidi. Kama hulipwi kwa kazi hiyo, angalia pia FABDEM ya Chuo Kikuu cha Bristol, iliyotengenezwa kwa kuondoa miti na majengo kwenye Copernicus. Masharti yake hayaruhusu biashara.

Sasa fanya hesabu hii. Mtaro wa mita 100 ukishuka nusu mita, mteremko wake ni asilimia 0.5, na kwa mtaro wa mjini huo ni mteremko wa kawaida tu. Copernicus inaahidi kosa la mwinuko lisilozidi mita 4, SRTM mita 16. Unatafuta sentimita hamsini ndani ya kosa la mita kadhaa. Pikseli yenyewe ina mita za mraba 900, inaingiza nyumba, ua, barabara na mtaro ndani ya namba moja. ArcGIS ya bei kubwa kuliko zote haitoi sentimita hizo mahali ambapo hazipo. Zinatoka kwa mpima ardhi mwenye RTK (GPS ya usahihi wa sentimita) au leveli, au kwa droni yenye pointi za ardhini zilizopimwa vizuri.

Mitaro: SWMM, HEC-HMS, HEC-RAS

Kabla hujafungua chochote, jaribu kwa kalamu. Kwa kidakio kidogo, mtiririko wa kilele kwa mita za ujazo kwa sekunde ni C (sehemu ya mvua inayotiririka bila kuzama ardhini) mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Tuseme kidakio ni hekta 12, C ni 0.6, mvua ni milimita 80 kwa saa: unapata 1.6. GIS imekupa eneo. Imekusaidia pia kwenye C, ukichanganya ramani ya matumizi ya ardhi kama WorldCover ya mita 10 na majengo ya Google Open Buildings ili ujue bati limefunika kiasi gani. Jihadhari na uwanja wa udongo uliokanyagwa: setilaiti inauona kama ardhi tupu, lakini kwa mvua ya masika unamwaga maji karibu kama sakafu. Ukali wa mvua hautoki kwenye GIS. Unatoka kwenye rekodi za vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ni lazima uwe wa dakika, siyo wa siku.

Namba hiyo ya 1.6 inatosha kwa kalavati moja. Mitaro ikishaungana, mmoja ukimwaga ndani ya mwingine kwa nyakati tofauti, kalamu inashindwa. Hapo ndipo SWMM inaingia. Ni ya Shirika la Mazingira la Marekani, ilianza mwaka 1971, haina malipo, na faili lake ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa programu yoyote ya kuandikia. Yenyewe si GIS. Unachora mitaro na vidakio kwenye QGIS, kisha plagini inavigeuza kuwa faili la SWMM. Giswater inafanya hivyo kupitia hifadhidata ya PostgreSQL, na ni nzito kwa anayeanza. PCSWMM ya kampuni ya CHI inaunganisha vyote kwenye dirisha moja, ni nzuri, na ni ya kulipia.

SWMM itakuuliza vitu ambavyo GIS haijawahi kukuuliza: mwinuko wa sakafu ya mtaro kwenye kila kiungio, umbo lake, na ukwaruzo wake. Hapo pana tofauti ambayo wengi wanaipita. Kwa zege laini, namba ya Manning, inayopima ukwaruzo, ni kama 0.013, kwa mtaro wa mawe yaliyojengwa kwa saruji ni kama 0.025. Mitaro miwili yenye upana, kina na mteremko uleule, ule wa mawe unapitisha karibu nusu ya ule wa zege. Mitaro yetu mingi ni ya mawe. Tena mtaro wa kina cha sentimita 80 uliojaa mchanga na chupa kwa sentimita 30 ni mtaro wa sentimita 50, na SWMM haitajua mpaka uiambie. Nikipita Unga Limited mwanzoni mwa masika nabeba fito iliyochorwa sentimita. Inanipa data ambayo haimo kwenye mchoro wowote wa ujenzi.

HEC-HMS ni ya nini basi? Ni ya sehemu iliyo juu ya jiji. Mteremko wa Meru, msitu, mashamba ya Ilboru na Sambasha, hauna mitaro ya kuchora; unachohitaji ni grafu ya maji yanayoingia mjini kwa saa. HEC-HMS inaitoa vizuri, kwa namba za SCS (curve number), zinazokadiria mvua itakayotiririka kulingana na udongo na matumizi ya ardhi, au njia nyingine, na ukiipeleka kwenye SWMM kama maji ya kuingilia kazi inakamilika. Ni bure, imetengenezwa na kituo cha jeshi la wahandisi la Marekani kilichoko Davis, California, kama ndugu yake HEC-RAS.

Mpaka kati ya SWMM na HEC-RAS ndio mgumu kuuona. Mtaro ukifurika, SWMM ina mambo mawili ya kufanya: ama inayahesabu maji yaliyomwagika kuwa yamepotea, ama inayaweka juu ya kiungio kama kidimbwi mpaka mtaro upate nafasi. Haikuonyeshi yakiingia uchochoroni na kutokea kwenye shule. HEC-RAS, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016, inasambaza maji pande mbili juu ya ardhi, na RAS Mapper ndani yake inakuchorea kina na kasi kwenye ramani. Kwa Themi inapovuka daraja, au kwa Muriet ambako maji yanatembea juu ya ardhi zaidi ya ndani ya mtaro, nachagua HEC-RAS bila kufikiri mara mbili. Kwa Kaloleni na katikati ya mji, mitaro ikiwa imefungamana na mifuniko juu, SWMM.

Lakini HEC-RAS ikilishwa DEM ya mita 30 ni hatari kuliko kukaa bila modeli. Inatoa picha ya rangi ya bluu inayosogea, mwenye mradi anaipenda, na hakuna anayeuliza chini yake kuna nini. Ukikosa DEM ya droni, fanya kama hivi: nenda kwa wazee wa mtaa, uwaamkie, uulize maji ya mafuriko ya mwisho yalifika wapi. Watakupeleka kwenye ukuta wenye mstari wa matope. Pima urefu wake kutoka chini, piga pointi. Alama za namna hiyo ishirini zinakupa kitu cha kulinganisha na modeli, na mara nyingi zinakuonyesha kwamba modeli imekosea upande wa barabara. Dar es Salaam, kupitia Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi na wananchi walichora mitaro na maeneo ya mafuriko kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, kata kwa kata. Njia ileile inafaa kabisa Sombetini.

Earth Engine, kwa kifupi

Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchambua data za setilaiti, ni nzuri kwa maswali ya miaka: makadirio ya mvua ya CHIRPS tangu 1981, maji ya bwawa yanapungua au yanaongezeka, msitu wa Meru umebadilika vipi. Kwa utafiti na elimu haina malipo, na hesabu zinafanyika kwenye mashine zao, kwa hiyo kompyuta dhaifu si kikwazo ilimradi bando lipo. Kwa mafuriko ya Arusha haifai. CHIRPS ina pikseli za kilomita tano na nusu hivi, jiji zima linaingia kwenye chache tu, tena jumla yake ni ya siku nzima. Na mafuriko yetu yanakuja na kuondoka ndani ya saa chache. Setilaiti ya rada inayopita kila baada ya siku kadhaa itakuta matope.

Mita 60

Kazi inayoombwa kuliko zote ni nyepesi kuliko zote, na ndiyo yenye ugomvi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo kila mtu anataka ramani ya bafa, yaani ukanda wa umbali huo kando ya mto. QGIS inachukua kipimo cha leya: kama leya iko kwenye digrii, 60 yako ni digrii 60, na bafa inafunika Afrika nzima na kuvuka. ArcGIS Pro ukiiandikia mita kwenye leya ya digrii inafanya hesabu ya duara la dunia yenyewe. Kwa asiyezoea, hapa ArcGIS inamlinda. Kwenye QGIS hamishia kwanza leya kwenye UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo wa koordineti unaopima kwa mita.

Kanda 37 zenyewe ziko mbili, kila moja na msingi wake wa kupimia na namba yake ya utambulisho (EPSG). Ramani za zamani za serikali na michoro mingi ya viwanja iko kwenye Arc 1960, namba 21037. GPS na droni ziko WGS 84, namba 32737. Zikichanganywa bila kubadilishwa, mto unahama takriban mita 300, mara tano ya bafa yenyewe. Na usitumie mstari uliotoka kwenye DEM ya mita 30 kuwa chanzo cha bafa. Chora ukingo wa kulia na wa kushoto juu ya picha ya droni, kwa kuwa sheria inahesabu kutoka ukingoni na mstari wa katikati unawapunguzia watu au unawaongezea. Pale Ngarenaro, nyumba zilivyobanana na mto, mita 10 ni familia nzima kuwa ndani au nje. Ramani ikifika ofisi ya mtaa, mwenyekiti atauliza kwanza mstari umeanzia wapi. Andika jibu hilo kwenye kona ya karatasi, pamoja na tarehe ya picha na namba ya koordineti, kabla hujachapisha.